Fundo Nililofunga Kwenye Mafunjo Yanayoelea

Mwanangu Pelagia,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, na kama ninavyomjua dada yangu, hutarudi kabla hujala mara mbili na kulia mara moja. Kwa hiyo muda ninao. Nimekaa mlango wa nyuma, jua bado liko juu ya migomba, na naandika kwenye daftari lako la hesabu la darasa la saba, kwenye kurasa ulizoziacha wazi. Nilipokuwa nazitafuta nimepitia na zile ulizoandika. Majibu mengine uliyakosa, mama, na mwalimu akayapa vema. Sitamwambia mtu.

Mambo ya sweta, dawa za malaria, sabuni, na nani wa kukaa naye mbali, nimemwachia mama yako. Tangu juzi hajanyamaza, na hata ningekuwa na la kuongeza lisingepata nafasi. Mimi nina jambo moja tu, na ni la zamani. Nimekaa nalo tangu ukiwa na miaka sita. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini unanijua: nikitaka kukuambia neno zito, naishia kuuliza kama mbuzi wamefungwa.

Kesho asubuhi unapanda mtumbwi na watu wa chanjo. Siku nne ndani ya mafunjo ya ziwa Burigi. Mtalala palipo na nchi kavu, mtatoka kambi moja ya wavuvi kwenda nyingine, daktari atawachoma watoto sindano na wewe utawaandikia kadi. Siku ya tano mtatokea ng'ambo, na hapo lori litakuchukua kwenda chuo cha uuguzi. Mitumbwi itarudi nyumbani, wewe hutarudi nayo. Nimejiambia maneno hayo tangu Jumapili na bado hayajanizoea.

Juzi jioni daktari alipokuja hapa uani, ulikuwa unachambua maharage. Alisema amempata mzee wa kuongoza mtumbwi wa mbele, Mrundi mmoja wa kambini anayeitwa Minani, watu wamemsifia kwamba anajua njia za ndani kabisa. Ulisimama ungo ukiwa mapajani, maharage yote yakamwagika. Ukasema, "Minani yule aliyetupoteza? Samahani daktari, mimi huyo sipandi naye. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka."

Daktari alicheka, kisha akaona hucheki. Akasema kama karani wake anaogopa, basi atamwacha mzee na kuchukua kijana wa hapa hapa, na wataamua kesho asubuhi kivukoni. Halafu akanitazama mimi, kwa kuwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nawapeleka watu huko kabla nyonga yangu haijanikataa. Alingoja niseme neno. Mimi niliinama nikaanza kuokota maharage.

Pelagia, Minani hakutupoteza. Mimi ndiye niliyewapoteza, wewe na mama yako, na nikamtwika yeye lawama. Hilo ndilo jambo lenyewe. Sasa nimeshaliandika, na mkono haukukauka kama nilivyokuwa nadhani. Acha nikueleze lilivyokuwa, kisha utaamua mwenyewe unapanda na nani.

Mwaka ule Warundi walivuka mpaka kwa wingi. Wewe utakumbuka vumbi na malori, na namna mama yako alivyokuwa anapika ndizi sufuria kubwa bila kujua nani atakayekula. Minani na mkewe walivukia Murusagamba. Walivunia watu maharage kule, wakilipwa kwa maharage hayo hayo, halafu Minani akasikia kwamba upande wetu kuna maji yenye mafunjo. Alikuwa amekulia kando ya mto Ruvubu. Akamchukua mkewe wakaja kwa miguu, badala ya kwenda kambini na wenzao.

Alinikuta kivukoni nikiziba nyufa za mtumbwi wangu kwa matambara. Alisimama muda mrefu akinitazama mpaka nikaudhika. Ndipo akasema, "Bwana, mutumbwi wako unakunywa maji kama ng'ombe. Nipe siku mbiri." Nilimpa siku mbili. Mtumbwi ule ulikaa miaka tisa bila kuvuja, na katika miaka hiyo tisa yeye aliupanda mwaka mmoja tu.

Tulikuwa rafiki. Nalisema hili kwa sababu hujawahi kunisikia nikilisema. Mimi nilikuwa nasukuma kwa upondo mbele, yeye anapiga kafi nyuma, tunapeleka chumvi na betri kwa wavuvi na kurudi na samaki wakavu. Alikuwa mtu wa taratibu mpaka anachosha. Mimi unanijua, nikiona njia wazi naingia, mambo mengine baadaye. Yeye kila akifika mahali maji yanapogawanyika anasimama, ananusa, anasikiliza ndege, na mimi pale mbele napasuka kwa hasira.

Sasa sikiliza habari ya mafundo, maana kila kitu kiko hapo. Mafunjo ya ndani ni marefu kuliko mtu aliyesimama kwenye mtumbwi. Huoni kilima wala mti. Kwa hiyo mtumbwi wa mbele, kila njia inapogawanyika, hufunga fundo kwenye vichwa vya mafunjo upande ule ulioingia, na wa nyuma hufuata mafundo. Kila mtu na fundo lake. La kwangu lina mizunguko miwili na mkia unaotazama chini, ndivyo alivyofunga babu yako. Lakini mafunjo mengine hayakushika ardhi. Yanaelea, kisiwa kizima, na upepo ukija yanahama na fundo lako. Ndiyo maana kabla ya kufunga, unayasukuma kwanza kwa upondo. Likiinama bua peke yake, funga. Likitikisika shamba zima, ondoka hapo utafute pengine. Mtoto wa miaka kumi wa huku analijua hilo. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Mama yako mdogo Yustina alikuwa anaolewa ng'ambo. Mimi kama shemeji mkubwa nilipewa kupeleka pombe ya ndizi, mitungi minne, na ngoma, na beberu mmoja asiyekuwa na adabu. Mitumbwi ilikuwa miwili. Nilimweka beberu na pombe kwangu, wewe na mama yako nikawaweka kwa Minani. Nilifanya hivyo kwa kuwa kafi lake lilikuwa tulivu kuliko upondo wangu. Mtu akiuliza nilimwamini nani duniani na familia yangu, jibu lilikuwa limekaa pale majini, kila mtu aliliona.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Kesho utaiona mwenyewe: asubuhi maji ni mapana, mayungiyungi yamefunguka, na ukipitisha mkono pembeni mwa mtumbwi unahisi mashina yake yakikupapasa. Ulipitisha mkono mpaka vidole vikakunjamana. Tulilala kwenye kile kichuguu kikubwa chenye miti mitatu, ambako nadhani na ninyi mtalala, kwa sababu hakuna pengine. Minani aliwasha moto wa kinyesi cha kiboko kikavu ili moshi ufukuze mbu. Ulisema unanuka. Akakwambia kiboko naye anasema hivyo hivyo kuhusu sisi. Ulicheka mpaka ukapata kwikwi, na mama yako akamgombeza kwamba sasa mtoto hatalala.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, pombe ikaanza kuchachuka ndani ya mitungi na kutoa povu. Niliona aibu itakayonipata kwa wakwe, nimebebeshwa sifa zote halafu nafika na siki. Nikaonja kuona kama imeharibika. Haikuwa imeharibika. Baada ya muda nikaonja tena, kwa usalama. Nikawaambia ninyi, "Mimi natangulia, nitafunga alama, njooni taratibu na taratibu zenu." Hilo la mwisho lilikuwa la kumchokoza Minani. Alinyanyua kafi tu.

Pale njia inapogawanyika karibu na maji meusi, nilishika kushoto. Kulikuwa na mafunjo mazuri, mabichi, yamesimama pale pale kwenye mdomo wa njia. Nilifunga fundo langu bila kuyasukuma. Upondo ulikuwa mkononi, mwanangu. Ilikuwa kazi ya kuvuta pumzi mara moja. Lakini nilikuwa na haraka, na pombe kichwani, na beberu alikuwa anatafuna kamba ya ngoma. Nikafunga nikaenda zangu nikiimba.

Alasiri upepo ulivuma. Kile kisiwa kikaondoka kushoto, kikaenda kusimama kwenye njia ya kulia, na fundo langu juu yake likiwa zima kabisa. Minani akafika, akaona mizunguko miwili na mkia unaotazama chini. Akashika kulia. Yeye anayesimama kila mahali kunusa, pale hakunusa, maana fundo lilikuwa langu.

Nilifika mahali pa kulala nikawangoja. Jua likazama. Nilichukua ngoma ya harusi nikaipiga mpaka viganja vikavimba. Mama yako anasema mliisikia, lakini ndani ya mafunjo sauti inatoka kila upande, na kila Minani alipogeuza mtumbwi kuifuata alikuta ukuta. Na nyuma yenu njia ilikuwa imeshajifunga.

Kulipopambazuka nilirudi. Pombe ilikuwa imenitoka yote. Nilifika pale penye njia mbili nikaliona fundo langu limesimama kulia, mahali ambapo sijawahi kulifunga. Nilielewa palepale. Nikaketi juu ya mtungi.

Sasa ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo mchana. Ningetakiwa kuita. Ningetakiwa kupiga kelele, Pelagia, mama Pelagia, Minani. Badala yake nilitoa panga nikakata lile fundo nikalitupa majini, nikalitazama mpaka likaenda. Baada ya hapo ndipo nikaanza kuwaita. Mtoto wangu alikuwa amepotea kwenye maji ya viboko, na kitu cha kwanza nilichokiokoa kilikuwa jina langu.

Niliwapata siku iliyofuata, saa za mchana. Minani alikuwa amekata mafunjo akayarundika mpaka yakawa kitanda kilichoinuka juu ya maji, ninyi wawili mkalala juu, yeye akalala kwenye mtumbwi uliojaa maji nusu. Koti lake ulikuwa umelivaa wewe. Alikuwa anawamenyea mabua mnatafuna utamu wake, na alikuwa anakuimbia. Wimbo ule unaoimba ukiwa unatwanga, ule usiojua maana ya maneno yake na unadhani ulifundishwa na bibi, ni wa Minani. Bibi yako hakujua neno la Kirundi. Niliponyoosha mikono nikuchukue, ulimkumbatia shingo ukakataa kuja kwangu.

Unasema unakumbuka. Nakuamini kwamba unakumbuka maji na giza. Lakini kwamba Minani aliwapoteza, hilo hukuliona kwa macho yako. Hilo nilikutia mimi kichwani, kidogo kidogo, kila mtu alipouliza habari ile na wewe ukiwa umekaa karibu.

Harusi tuliikosa. Tulirudi moja kwa moja, na kivukoni watu walikuwa wamejaa, maana wavuvi walishatangulia na habari. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza kulikuwaje. Minani akasema, "Turifuata arama." Mimi nikasema, mbele ya watu wote, "Alama yangu niliiweka kushoto. Atakuwa amefuata fundo la zamani la wavuvi." Kila neno katika kauli ile lilionekana la kweli. Minani alinigeukia. Alinitazama kwa muda ule ule anaotumia kutazama maji. Kisha akasema, "Kama bwana anasema hivyo, mimi nitasema nini? Mimi ni mukimbizi."

Sikudhani ingefika mbali. Nilidhani watamcheka wiki mbili. Lakini ulikuwa mwaka wenyewe ule, watu wamechoka, kuni zimeisha, kila kuku aliyepotea alikuwa ameibwa na mkimbizi. Waliitisha mkutano. Wakasema mgeni asiye na kibali, asiyejua hata njia, karibu aue mke na mtoto wa mwenyeji, arudi kambini kwa wenzake. Niliulizwa kama nina neno. Nilisema sina. Walipandishwa nyuma ya lori na godoro lao, na mkewe alikuwa na kikapu cha mbegu za maharage. Shamba lao lilikuwa limetoka kupaliliwa. Sisi ndio tuliolivuna, Pelagia. Ulikula maharage hayo.

Huwa mnanicheka kwamba nikipeleka samaki kuuza, nazunguka kupitia Nyabusozi wakati njia fupi ipo. Mama yako alikuwa ananitania kwamba nina mwanamke kule. Njia fupi inapita mbele ya kambi. Miaka kumi na mbili nimebeba vikapu vya samaki kilomita zisizo na sababu, mvua na jua, ili nisikutane na mtu mmoja. Nyonga hii unayoikanda kwa mafuta kila jioni imeanzia huko. Ulikuwa unanionea huruma, na mimi nilikuwa nakuacha unionee.

Sikukusudia kukufundisha kusema kweli. Hilo umefundishwa kanisani na watu wanaoliweza kuliko mimi. Ila unakwenda kuwa muuguzi, na utakosea. Utampa mtu dawa isiyo yake, au utaandika kadi ya mtoto huyu kwenye jina la yule. Kosa langu la kutosukuma mafunjo lingesameheka siku ile ile. Wangenizomea, mama yako angeninunia mpaka Krismasi, yakaisha. Kilichoniharibu ni dakika ile ya panga. Mwanangu, ikikufikia dakika yako, na itakuja ukiwa peke yako hakuna anayekuona, piga kelele kwanza. Mengine yote yanatengenezeka.

Nimekosea mengine mengi kwako na hayajanielemea hivi. Nilikuchapa kwa ajili ya kafi lililovunjika, kumbe nilikuwa nimelikanyaga mwenyewe. Nilitaka uishie darasa la saba, nikasema msichana anayejua kusoma bei ya samaki inatosha, na mama yako hakunipikia siku tatu mpaka nikapata akili. Siku ulipoleta matokeo ya kidato cha nne nilikwenda kusimama nyuma ya zizi, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nalia. Najivuna kwa ajili yako kiasi kwamba watu kivukoni wananikimbia wakiniona nafungua mdomo. Nakupenda, mama. Kwa Kiswahili cha barua linaandikika, kwa mdomo sijui kama ningelifikisha mwisho.

Jana nilimwona Minani. Alikuwa shuleni, wanakolala watu wa chanjo, anaparua kafi kwa kipande cha chupa. Amezeeka kuliko mimi ingawa tulikuwa sawa. Alinitambua kabla sijasema. Hakuuliza habari yangu, wala ya mtumbwi, wala ya shamba lake. Aliuliza, "Katoto kare kako wapi?" Nikamwambia amekuwa mtu mzima, ndiye karani atakayekwenda naye. Aliweka kafi chini. Alicheka peke yake, akatikisa kichwa, akasema, akimtaja Mungu kwa Kirundi, "Imana ni kubwa. Nitakabeba mara ya piri." Hajui kwamba umemkataa. Niliondoka bila kumwambia lolote, na usiku sikulala.

Leo mchana, ulipokwenda kufua, nilimwambia mama yako. Alikuwa anakaanga karanga za safari yako. Nilimweleza yote, hadi panga. Hakugeuka. Alikoroga karanga mpaka nilipomaliza, akaepua, ndipo akasema, "Mimi nilikuwa kwenye ule mtumbwi. Nililiona fundo. Lilikuwa bichi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Nilikuwa nangoja useme wewe," akasema. "Kisha nikazoea kungoja. Na mimi nimemkosea yule mzee, kwa hiyo usije kunililia hapa. Mwambie mtoto. Halafu kamwambie Minani mwenyewe. Ugali utaukuta."

Ndiyo hivyo nimeandika. Nikikunja karatasi hizi nitaziweka ndani ya begi lako, juu kabisa, na nitamwambia mama yako akuamuru uzisome kabla hujalala. Sasa nakwenda shuleni.

*

Nimerudi. Ugali niliukuta. Wewe bado uko kwa shangazi yako, nawasikia mnacheka mpaka huku. Naongeza haya machache kwa taa.

Nilimkuta Minani anakula viazi. Alinikaribisha, nikakataa, nikaona nikila naye kwanza sitasema. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Kwamba sikusukuma mafunjo. Kwamba nilirudi nikalikuta fundo nikalikata. Kwamba kivukoni nilijua ninachosema.

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho. Akasema, "Mizunguko miwiri. Nirijua ni rako. Niriposikia unasema ra wavuvi, nirisema basi, nimezeeka macho nikiwa kijana." Kisha akasema, "Muke wangu nirimwambia niriona arama. Hakuniamini. Amekufa mwaka juzi hajaniamini."

Sikujua hilo. Sikujua kwamba amekufa. Nilimwambia nisamehe, na neno lilitoka dogo sana. Hakunijibu kwamba amenisamehe, na sitakudanganya kwamba alinijibu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama wewe unajua. Nikasema nimekuandikia. Nikamwambia pia kwamba ulimkataa mbele ya daktari, na ni kwa sababu ya maneno yangu. Hilo lilimuuma kuliko yote, niliona.

Nikamwambia kesho kivukoni, kabla daktari hajaamua, nitasema mbele ya watu. Mwenyekiti wa sasa atakuwepo, na wale wazee waliokuwa kwenye mkutano, wale waliobaki.

Minani alinitazama. Akasema, "Utasema?"

Nikasema nitasema.

"Basi sema kwa nguvu," akasema. "Sikio hiri moja harisikii siku hizi."

Nitasema kwa nguvu, mwanangu. Daktari nimeshamwomba anipe nafasi. Ukishasikia, upande na Minani au upande na mwingine, hiyo ni haki yako, na sitakunyooshea kidole. Lakini vijana wetu wanajua kuvuka tu, hawajui kukaa. Yeye alikaa na wewe siku mbili ndani ya maji.

Ila nakuomba neno moja, maana nakujua moyo wako. Ukiniona natetemeka pale mbele ya watu, usije kunishika mkono. Simama karibu na Minani, uniache nimalize.

Baba yako